Foili ya mapovu chini ya sakafu ya mbao: inafaa, ikifungwa sawasawa

Juni na Julai hapa Arusha, sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo huvujisha joto kwa chini. Foili ya mapovu, yaani plastiki ya viputo iliyobandikwa foili ya alumini, ni nyepesi, panya hawapati pa kuzalia kama kwenye sufi, na fundi mmoja anaifunga kwa siku moja. Ila wengi huipigilia ikiwa imegusana na mbao, kisha wanalaumu bidhaa. Foili hurudisha joto ikiwa tu mbele yake kuna nafasi ya hewa. Acha angalau milimita 25 kati yake na mbao, na upande unaong'aa uangalie juu au, vizuri zaidi, nunua yenye kung'aa pande zote mbili, maana wa juu hushika vumbi na kufifia.

Boriti zikiachana sentimita 60, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, na kila moja ina unene wa 5, pasua roli la upana wa mita 1.2 katikati: kila ukanda unabaki na sentimita 2.5 za kukunja kila upande, ndizo za kupiga stepla. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinakula takribani mita 18 za roli; chukua 19. Maungio yabandikwe selotepu ya foili, ile ya plastiki huachia.

Zima umeme kwanza kwenye swichi kuu. Foili inapitisha umeme, na stepla moja kwenye waya inatosha kuua.

Ardhini tandaza nailoni nzito ya kuzuia unyevu, mipishano ya sentimita 30. Matundu ya hewa usiyazibe hata kidogo, ukungu hautachelewa. Na acha vichwa vya nguzo wazi, uone njia za mchwa.