Uzoefu wangu na FAWM: nyimbo 14 ndani ya siku 28

Tathmini hii ninamwandikia mtunzi ambaye daftari lake limejaa beti za kwanza zisizo na wenzake. February Album Writing Month, changamoto ya kutunga nyimbo inayoendeshwa mtandaoni na ambayo washiriki huiita FAWM kwa kifupi, ilianzishwa na Burr Settles pamoja na rafiki zake mwaka 2004, na sharti lake ni moja tu: uandike nyimbo 14 katika siku 28 za Februari, yaani wimbo mmoja kila baada ya siku mbili. Februari ikiwa na siku 29, lengo hupanda hadi nyimbo 14 na nusu. Hakuna majaji wala zawadi, na asiyefikia lengo hubaki na nyimbo alizoziandika. Nimeshiriki zaidi ya mara moja na ninaipendekeza kwa moyo wote.

Faida kubwa niliyoipata ni mazoea ya kumaliza wimbo. Ubeti wa kwanza huja wenyewe, kwa kuwa unabebwa na hamasa ya wazo jipya. Kazi huanza kwenye ubeti wa pili, pale mtunzi anapobaini kwamba ameshasema yote na sasa anayarudia kwa maneno mengine. Wimbo usio na tarehe ya mwisho huachwa hapohapo, ukisubiri siku ambayo haifiki. Ratiba ya siku mbili haitoi mwanya huo, na kwa kuwa unakutana na kikwazo kilekile tena na tena ndani ya mwezi mmoja, hatimaye unakifahamu. Nilijifunza kuupa ubeti wa pili kazi yake mahususi: ubadili wakati, umbadili msemaji, au ulete jambo litakalokifanya kiitikio kieleweke vingine. Wimbo wangu mmoja ulimhusu mtu anayemngoja mwenzake usiku, na kiitikio chake kilisema, "Taa bado inawaka." Ubeti wa pili nilimpa yule anayengojwa, ambaye yuko njiani na anasita kufika. Kiitikio hakikubadilika hata neno moja, lakini kilichokuwa ahadi kwa yule wa kwanza kikawa deni kwa huyu wa pili.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni mapambano mafupi ya saa moja, ambamo hutolewa kichwa cha wimbo au dokezo, kila mtu akaandika kwa wakati mmoja, kisha watu wakasikilizana. Saa moja hunoa sikio kwa namna ya pekee. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukiimba "nakungoja" huku pigo zito la mdundo likiangukia "ja", neno husikika limevunjika hata kama mizani imetimia. Sasa nina desturi ya kuutamka kwanza mstari kwa sauti ya mazungumzo, nikigonga mapigo kwa kidole, na tuni ikigombana na mkazo huwa ninaisogeza tuni. Upande wa vina, hata hivyo, haraka ina mtego wake. Maneno yetu huishia kwa irabu, hivyo kina hupatikana upesi mno, na mtunzi aliyebanwa na muda hukimbilia "pendana" na "kutana" kabla hajajiuliza kama ndilo alilotaka kusema. (Nimewahi kujiwekea sharti la kuacha kabisa vina vya "-ana" kwa mwezi mzima, na ninalipendekeza sharti hilo kwa yeyote anayeandika nyimbo za mapenzi.)

Maoni ya washiriki wenzangu yalikuwa ya upole, na yaliyonifaa zaidi ni yale yaliyotaja jambo moja bayana. Msikilizaji mmoja alinieleza kwamba kiitikio changu kilianza kwenye noti zilezile za ubeti, kwa hiyo hakuhisi kwamba kimefika. Nilikipandisha noti chache, nikarefusha neno la kwanza, na wimbo ukafunguka. Jambo la namna hiyo mtunzi anayejifungia peke yake hulitafuta kwa muda mrefu.

Lipo jambo ambalo tarehe ya mwisho, kwa asili yake, haiwezi kumfundisha mtu, nalo ni kuandika upya. Mikono iliyochoka hurudi kwenye mfuatano uleule wa kodi za gitaa, na kufikia wiki ya tatu nyimbo huanza kufanana kama hukujipangia masharti yako, kwa mfano kutunga bila ala yoyote au kuanza na mdundo wa sita kwa nane. Nyimbo zenyewe ninaziacha zitulie kwa wiki kadhaa baada ya Februari, kisha ninazisikiliza zote kwa mkupuo mmoja na kuchagua chache za kufanyia kazi.

Anayetaka mwendo mkali zaidi ataupata katika changamoto ya 50/90, ambayo huanza tarehe 4 Julai na kudai nyimbo 50 ndani ya siku 90. Kwangu mimi kasi hiyo inamfaa mtu ambaye tayari ana mazoea ya kumaliza. RPM Challenge nayo humtaka mshiriki arekodi albamu ya nyimbo 10 au dakika 35 ndani ya Februari hiyohiyo, hivyo uzito wake umeegemea kurekodi. Kwa mwenye daftari la beti za kwanza, ningemshauri aanze na FAWM na atumie simu yake kurekodi demo, yaani rekodi ya majaribio tu, ili siku zake mbili ziishie kwenye maneno na tuni.