zipfile au tarfile: ipi ya kufungashia mafaili kwa Python?

Zote mbili ni moduli zinazokuja na Python yenyewe, huna haja ya kusakinisha kitu: zipfile hutengeneza zip, tarfile hutengeneza tar.gz. Tofauti iko ndani ya kifurushi.

Zip hubana kila faili peke yake, na orodha ya yaliyomo huwekwa mwishoni. Ndiyo maana ukitaka ripoti moja kati ya mafaili elfu, z.read("ripoti.csv") (z ni zip uliyoifungua) huenda moja kwa moja pale ilipo. Tar.gz huunganisha kwanza kila kitu kuwa mkondo mmoja, kisha huubana wote. Kuipata ripoti ileile lazima ufumue tangu mwanzo. Ila mafaili madogo yanayofanana, kama logi za kila siku, hapo hubanika zaidi.

zipfile iliwahi kuniumbua. Nilimtumia mteja kifurushi, akauliza mbona uzito ni uleule. Kumbe ZipFile("data.zip", "w") haibani chochote usipoongeza compression=ZIP_DEFLATED! Kwa tarfile, "w:gz" inatosha.

Ruhusa za Linux nazo: tarfile huzirudisha, lakini extractall ya zipfile huziacha, skripti inafika haiendesheki. Kwa hiyo kati ya seva na seva natumia tar.gz, mtu wa ofisini mwenye Windows nampa zip, asije akanipigia simu.

Tar ya mtu usiyemjua ifungue kwa extractall(filter="data"), isije ikaandika nje ya folda uliyoitaja. Kuanzia Python 3.14 kichujio hicho hutumika hata usipokitaja.