Tahadhari: Muuza lenzi wa Luthuli anayekuonyesha nzima na kukufungia mbovu

Ndugu zangu wapiga picha, hasa nyinyi mnaopiga picha za vyakula kwa ajili ya mikahawa, nawaomba msinunue chochote kwa kijana nadhifu anayeuza kamera na lenzi za mtumba ghorofani katika mojawapo ya majengo ya Luthuli Avenue, Nairobi. Anakuachia lenzi nzima uijaribu mpaka uridhike, kisha anakufungia nyingine iliyokufa. Luthuli ina wafanyabiashara waaminifu, na vifaa vyangu vingi vimetoka huko. Ninayemsema ni huyu mmoja.

Nilikuwa nikitafuta lenzi ya Canon EF 100mm f/2.8L Macro, ile yenye mkanda mwekundu iliyotoka mwaka 2009, kwa sababu hukaribia iliki mpaka mikunjo ya ganda lake ikaonekana. Aliniuzia kwa shilingi 58,000, bei ambayo haikuwa ya kutupa wala ya kutilia shaka. Aliagiza chai ya maziwa na mahamri kwa mama anayeuza chini ya ngazi, akaviweka kando ya dirisha, akaniambia niifunge lenzi kwenye kamera yangu mwenyewe. Povu la chai lilionekana kiputo kwa kiputo, na kizuia mtikisiko kilifanya kazi barabara hata niliposhusha kasi ya kamera hadi 1/15 ya sekunde. Niliipiga picha lenzi yenyewe kwa simu, upande wenye nambari yake, nikamtumia mwenzangu, naye akaniambia nichukue. Huyu muuzaji alinieleza, bila kuulizwa, kwamba mvuke wa chai hauonekani vizuri mpaka mwanga utoke nyuma ya kikombe. Mtu anayeijua kazi namna hiyo, mwenye duka na rafu za vioo, ambaye amekupa nafasi ya kujaribu mali utakavyo, ungemdhania vipi kuwa ni mwizi?

Ilipofika kulipa, alisema till yake, yaani nambari ya duka ya kupokelea malipo ya M-Pesa, ina hitilafu, akanipa nambari ya simu. Jina lililojitokeza kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke. Akasema ni mkewe. Nilipoinamia simu kuweka nambari ya siri, aliichukua lenzi nyuma ya kaunta akisema anaifuta alama za vidole, nami nikasikia selotepu ikivutwa. Sanduku lilirudi limezungushwa selotepu kila upande. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akasema, “Dada yangu, usilifungue njiani, vumbi la Luthuli ni adui wa kioo.”

Nilipolifungua nyumbani, lenzi iliyokuwamo ilifanana na ile niliyoijaribu kwa kila kitu, hadi mkanda mwekundu, ila mota yake ya kulenga haikutoa hata mlio, na nilipomulika tochi upande wa nyuma niliona kuvu imetanda ndani kama utando wa buibui. Fundi aliniambia kwamba kuvu hiyo imeshaila dawa iliyopakwa kwenye kioo, hivyo hata lenzi ikisafishwa picha hazitarudi kuwa safi. Nambari ya lenzi hii si ile iliyo kwenye picha ya simu yangu. Ombi la kurejeshewa pesa nililotuma kwa 456, nambari ya Safaricom ya kurejesha malipo ya M-Pesa, halikufaulu, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kutolewa. Nilirudi dukani, na kijana yule akanitazama usoni, mbele ya wateja, akasema mimi ndiye niliyebadilisha lenzi ili nimwibie. Nimekasirishwa na pesa zangu, lakini tusi hilo linaniuma zaidi.

Anayelazimika kununua lenzi ya mtumba asiiache itoke mikononi mwake baada ya kuijaribu, ailipie kwa till yenye jina la duka, na asome nambari ya lenzi tena kabla sanduku halijafungwa. Selotepu nyingi nayo ni dalili. Risiti aliyoniandikia haikuwa na nambari ya lenzi, na nimesikia kwamba ndivyo anavyowaandikia wote.

Mtu huyu hastahili kuonywa tu na kuachwa aendelee kuwaagizia watu chai. Nimeandikisha malalamiko polisi na nina nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaruhusu kifungo cha miaka 3 kwa anayejipatia mali kwa udanganyifu, nami nataka aitumikie yote, na duka lile lifungwe, na huyo anayepokea pesa kwa simu yake ahojiwe pia. Yeyote aliyeuziwa lenzi mbovu pale ghorofani aniletee picha ya lenzi hiyo pamoja na ujumbe wake wa M-Pesa, twende tukaandikishe maelezo kwa pamoja kabla hajahamia jengo jingine.