TAHADHARI: Seti za Lishi "orijino" za Sh190,000 zinazouzwa WhatsApp

Mafundi funguo wenzangu, na wewe unayetaka kuingia kwenye kazi hii: kuna jamaa anazungusha tangazo Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi magari, anauza "seti ya Lishi orijino, vipande 32, inafungua gari zote" kwa Sh190,000. Msinunue. Seti zake zimeletwa kibandani kwangu na mafundi tofauti, kila mmoja akitaka nimwelekeze matumizi kwa sababu anadhani yeye ndiye hajui. Wanajua vizuri tu. Vifaa ndivyo vibovu.

Kwa ambaye hajawahi kuishika: Lishi ni kifaa kilichobuniwa na Mchina anayeitwa Zhi Qin Li, na leo karibu kila fundi funguo wa gari duniani anaijua. Unaingiza ulimi wake kwenye kitasa cha mlango, unakaza kidogo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine unasukuma kimkono kinachonyanyua vibati vya ndani, kimoja baada ya kingine. Kitasa kikishafunguka kazi inakuwa nusu tu. Pembeni ya kifaa kuna mistari na namba: mistari ya huku inakuonyesha uko kwenye kibati cha ngapi, ya kule inakuonyesha kina chake. Unasoma, unaandika, unakwenda mashineni kuchonga funguo mpya bila kung'oa mlango. Sasa elewa hapo: thamani yote ya kitu hiki iko kwenye mistari. Mistari ikikosewa kwa upana wa unywele, unachonga funguo isiyozunguka.

Na hapo ndipo seti ya huyu jamaa inapokufa. Nilichukua TOY43 yake, ile ya Toyota zenye funguo ya meno ya kawaida, nikaiweka juu ya kitasa kilichofunguliwa ambacho vibati vyake navifahamu. Kibati cha kwanza kimesoma sawa. Cha pili sawa. Kuanzia cha tano ncha ya kimkono ilikuwa katikati ya mistari miwili, na cha mwisho kilisoma namba ya jirani yake. Ukikuza picha kwa kamera ya simu unaona kwa nini: mistari imechapwa kwa wino, haijachongwa kwenye chuma, na imeanza kupinda upande mmoja. Ukipitisha kucha haikwami. Kwenye kifaa kingine kutoka boksi hilo hilo nilikuta lebo ya HU92, ambayo ni ya BMW, lakini ulimi wake ni wa HU66, ya Volkswagen na Audi. Maana yake kwenye hizo 32 kuna vifaa vilevile vilivyovalishwa majina tofauti ili boksi lijae.

Chuma nacho ni laini. Ncha ya Lishi ni nyembamba sana, kwa hiyo hata ile halisi ukiitumia kwa hasira inavunjika. Hii ya kwake inapinda bila hasira yoyote. Kijana mmoja wa Mbagala ilimkatikia ndani ya mlango wa Toyota IST ya mteja, na ncha ikabaki mle. Ikabidi afungue ngozi ya mlango, atoe kitasa, anunue kingine cha used Ilala mtaa wa Shaurimoyo, halafu mteja akawa na funguo mbili, moja ya mlango na moja ya swichi. Kazi aliyokubaliana kwa elfu arobaini ikamgharimu zaidi ya hiyo seti yenyewe. Mteja hataki kujua umeuziwa feki. Mlango wake umeingia kwako ukiwa mzima.

Nije kwenye maneno yake ya biashara, maana ndiyo yanayonasa watu.

"Inafungua gari zote." Hakuna. Kila njia ya funguo ina Lishi yake: Nissan nyingi ni NSN14, Honda kama Fit ni HON66, Ford na Land Rover za karibuni ni HU101. Na zote hizo zinashughulika na kitasa tu, haziwashi gari. Gari yenye imobilaiza, yaani kinga ya umeme inayozuia injini kuwaka, na Ulaya magari madogo mapya yote yalilazimishwa kuwa nayo tangu 1998, inataka chipu iliyosajiliwa kwenye kompyuta ya gari. Unaweza kufungua mlango wa Golf iliyotoka Uingereza, ukachonga funguo safi kabisa, ukakaa kwenye usukani, na bado gari ikakugomea. Fundi wa kweli anakuambia hilo kabla hujatoa hela.

"Ni bei ya promosheni ya kiwanda." Lishi halisi kimoja kinauzwa kwa makumi ya dola huko nje. Piga hesabu hata ya dola 25 kwa kimoja: vipande 32 ni dola 800, takriban milioni mbili za kwetu kabla ya usafiri na ushuru. Yeye anakuuzia kwa chini ya moja ya kumi ya hiyo na bado anasema amepata faida. Faida ya nini?

Halafu kuna video. Video yake ni nzuri, na mikono inayoonekana ni ya mtu anayejua kazi. Lakini kifaa kilicho kwenye video sicho anachotuma. Mle ndani mistari imechongwa, skrubu zimezama vizuri, rangi ya chuma ni moja. Kinachofika kina skrubu za kichwa tofauti na mafuta yanayonuka. Mwambie akupigie simu ya video akiwa na boksi lenyewe mkononi, aweke ukucha juu ya mistari. Wote walioniambia walijaribu walijibiwa "boss niko kwenye daladala, network mbovu".

Wa mikoani wanapigwa vibaya zaidi. Anataka hela yote kwanza, kisha anakutumia picha ya risiti ya basi kuonyesha mzigo umeshaondoka. Mafundi wawili, mmoja wa Dodoma na mwingine wa Iringa, walilinganisha picha walizotumiwa wiki tofauti: risiti ni ile ile, namba ile ile, na kidole gumba kimeziba tarehe palepale. Wa Dodoma hakupata hata hizo feki.

Sasa hivi ameongeza bidhaa nyingine, "rimoti ya kukopi gari yoyote". Hizo ni rimoti za kunakili za mageti, za megahezi 433, zinazonakili kodi, yaani namba ya siri ya kufungulia, isiyobadilika. Rimoti ya gari inabadilisha kodi kila unapobonyeza, kwa hiyo uliyoinasa jana leo imeshakufa. Tena rimoti nyingi za magari ya Japani ziko karibu na megahezi 315, hiyo ya kwake haizisikii kabisa. Chini ya tangazo lile kuna watu wanauliza waziwazi kama inafaa kufungua gari "ya jirani", na anawajibu kwa vicheko na namba ya simu. Sisi wenye vibanda tunaomba kadi ya gari na kitambulisho kabla hatujagusa mlango wa mtu. Huyu anachafua jina la kazi nzima. Polisi wakikukuta usiku na boksi la hivyo, na huna hata leseni ya biashara, maelezo yatakuwa marefu.

Mwenye haja ya Lishi anunue kimoja kimoja, kwa gari anazopokea kweli. Kwa kibanda cha kawaida Dar, TOY43 na NSN14 zitakufanyia kazi kubwa kuliko boksi zima. Nunua kwa mtu mwenye fremu, anayekubali uijaribu hapohapo. Beba kitasa cha used chenye funguo yake: soma kwa kifaa, halafu linganisha na funguo. Namba zikipishana, mrudishie kabla hujatoka dukani.

Aliyekwisha lipa: usifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala. Piga 100 kwa mtandao wako haraka, kama hela haijatolewa kuna nafuu. Namba ya tapeli itume 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu huyu moja kwa moja. Kwa bidhaa bandia yenyewe, Tume ya Ushindani wanapokea malalamiko. Na tafadhali, usiiuze hiyo seti kwa mwingine ili urudishe hela yako. Tayari nimeiona moja imefika kwa kijana wa Temeke kwa njia hiyo.

Akaunti yake inabadilishwa jina mara kwa mara, kwa hiyo kukariri jina hakusaidii. Angalia video: meza yenye mkeka wa kijani ulioungua kona moja, na kitasa cha Toyota kimebanwa kwenye jiliwa jekundu. Ukiiona hiyo, ni yeye.