TAHADHARI: Kozi ya siku 3 ya kukereza mbao "unaondoka na mashine yako"

Vijana mnaotafuta ufundi, na mafundi seremala mnaotaka kuongeza kazi ya kukereza (kuchonga mti unaozunguka kwenye mashine), msitume hela kabla ya kusoma hapa. Matangazo haya yanafanana: siku 3 unajua kukereza miguu ya meza, nguzo za ngazi na mabakuli, unapewa cheti, na kwa nyongeza kidogo unaondoka na mashine. Lipa nusu leo kwa simu, nafasi zimebaki mbili.

Anza na hesabu. Uliza wanafunzi wangapi, mashine ngapi. Watu 12 kwenye mashine 1, kwa saa 6 za darasa, ni dakika 30 kwa kila mtu kwa siku. Siku 3 ni saa moja na nusu, na humohumo mna kufunga ubao na kusogeza kiegemeo cha patasi. Kwa muda huo mtu hujifunza kukwangua tu. Watu 2 kwa mashine moja ni sawa, 3 ndio mwisho.

Kisha uliza: nani ananoa? Swali hili huwaumbua wengi. Kwenye mbao ngumu kama mninga, makali ya patasi hupungua baada ya dakika chache tu. Matapeli hukupa patasi zilizonolewa tayari, unakata vizuri darasani, unafika nyumbani na baada ya nusu saa mashine inatoa unga badala ya maranda. Unaanza kusukuma kwa nguvu, na hapo ndipo patasi hunasa, yaani makali hujichimbia ghafla kwenye mti. Mwalimu wa kweli anakuweka kwenye jiwe la kunolea siku ya kwanza, kabla hujagusa ubao, kisha anakuonyesha mgongo wa makali uguse mti kwanza, halafu unyanyue mpini taratibu mpaka makali yaanze kula. Kama karakana haina jiwe la kunolea linalozunguka, ondoka.

Sasa jambo la hatari, na hili tunalisisitiza. Ukiona kwenye video yao mtu anachimba bakuli kwa bobari (patasi yenye mfereji) pana ya kuondolea pembe, ile ya kuanzia miguu ya meza, usiende hata kwa bure. Shina la bobari hiyo linapoingia kwenye mpini ni jembamba. Kwenye bakuli, nyuzi za mti humkabili fundi kwa ubavu na kwa kichwa mara mbili kila mzunguko, patasi ikinasa shina linakatika, na kipande cha chuma kinarukia uso. Bakuli lina bobari yake, nene na yenye mfereji wa kina. Vilevile, wanafunzi wavae ngao ya uso mzima. Wakivaa glavu au mikono mirefu iliyolegea, mwalimu huyo hajui kazi.

Kasi nayo inafichua mengi. Chukua kipenyo cha ubao katika inchi, uzidishe kwa mizunguko ya mashine kwa dakika. Jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 ni mizunguko 600 hadi 900, na ubao ambao haujasawazika uanze chini ya hapo. Mashine nyingi za "kuondoka nayo" ni mota ya pampu ya maji ya mizunguko 2,800 hivi, imefungwa moja kwa moja kwenye mhimili bila puli za kubadilisha kasi. Zidisha mwenyewe kwa bakuli hilo la inchi 10: 28,000. Ubao utaruka.

Kuna na ujanja wa mti mbichi. Mti mbichi hukatika kwa ulaini, maranda yanatoka marefu kama utepe, kila mtu anapiga picha. Bakuli hilo likikerezwa jembamba siku hiyohiyo, mara nyingi linapinda au kupasuka likikauka. Mti mbichi huachwa mnene, kama moja ya kumi ya kipenyo (bakuli la sentimita 25 liachwe ukuta wa sentimita 2.5), likaushwe miezi kadhaa, ndipo likerezwe tena. Wasipokueleza hayo wanakuuzia picha. Kama una shaka, pima kipande kwenye mizani kwa siku kadhaa. Uzito ukiendelea kushuka, bado kibichi.

Seti za patasi wanazouza zimegongwa herufi HSS, yaani chuma kisichoharibiwa upesi na joto la kunoa. Gusisha moja kwenye jiwe: chuma hicho cha kweli hutoa cheche chache, fupi, za rangi ya chungwa iliyofifia. Zikitawanyika nyeupe na matawi mengi kama fataki, ni chuma cha kaboni, ukikinoa hadi kikageuka bluu makali yameharibika.

Mashine yenyewe, izime kwanza. Sogeza kichwa cha nyuma (kile kinachoshikilia mwisho wa pili wa mti) mpaka ncha yake ikutane na ncha ya kichwa cha mota. Zisipokutana, kila kitu kirefu kitatoka na kasoro. Shika mhimili uutikise juu na chini. Ukicheza, beringi zimekwisha. Uliza saizi ya nyuzi za skrubu kwenye mhimili, maana zisizo za kawaida hutapata taya za kushikia ubao. M33 x 3.5 au inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa inchi zinapatikana.

Cheti: ulizia usajili wa chuo kwenye mamlaka ya vyuo vya ufundi, Tanzania ni NACTVET, Kenya ni TVETA. Picha ya cheti cha zamani ukutani si usajili.

Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa la mtu wakati tangazo ni la chuo, simama hapo. Uliyekwisha kutuma kwa M-Pesa Kenya, peleka ujumbe wa muamala huo kwenda 456 mara moja, kabla hajatoa hela. Tanzania, tuma namba ya tapeli kwenda 15040, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, kisha nenda polisi na meseji zote ukiwa hujazifuta.