Dogo kaiba: yaishe mtaani au mahakama ya watoto?

Huu ubishi hapa Kigoma hauishi, dogo wa miaka 13 kadakwa na ndoo ya dagaa pale Kibirizi, mwaloni wanakoshusha samaki, wengine wanasema yaishe kwa mwenyekiti wa mtaa, wengine polisi.

Gharama, mtaani nafuu, mzazi analipia dagaa mambo yanaisha, kesi inakula nauli na siku za kazi.

Ila usalama wa mtoto ndo unaniuma, maana mtaani kuna viboko na hasira za watu, mahakamani angalau Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda, hafungwi jela, na afisa ustawi wa jamii anachunguza nyumbani kukoje, hapo ndo unakuta baba kaondoka, mama anauza mihogo peke yake, dogo kaacha shule anatafuta hela ya kula mwaloni. Mwenyekiti mara nyingi haulizi hayo. Ubaya ni kwamba akipelekwa shule ya maadilisho ya Irambo, ile ya kurekebisha watoto waliokosa, iko Mbeya, mbali mno na mama ake.

Kama ni kosa la kwanza na mzazi yupo, malizeni mtaani lakini ustawi aitwe. Kama kuna aliyeumizwa, au dogo anatumwa na wakubwa, nendeni polisi na mahakamani, na kituoni daini dogo asichanganywe na watu wazima.