Alfajiri au jioni? Kwa anayeanza kuwinda bata pwani ya Uingereza

Swali hili linarudi kila msimu, na msimu wenyewe huku England, kwenye fukwe zinazofikiwa na maji, ni Septemba 1 hadi Februari 20.

Alfajiri inakula usingizi. Unatakiwa uwe umeshatulia kwenye mfereji wako, ile mikondo ya matopeni unamojificha, mapema kabla mwanga haujaanza, maana ukichelewa ukapita na tochi mbele ya waliowahi, mabata bukini yanayotoka kulala matopeni kwenda mashambani yanakata kona na umewaharibia watu asubuhi yao yote, nimeshaona, inauma kweli. Ila kurudi ni kwa mwanga, na ndege aliyeanguka unamwona.

Jioni unaingia ukiiona njia vizuri, halafu wigeon na teal, aina mbili za bata, ndo wanakuja kula giza likishaingia. Shida ni kutoka, matope ya magotini na mifereji inajaa nyuma yako wakati mbele bado pakavu, siku za bamvua, maji yanapojaa sana, ndo usiseme, kwa hiyo ratiba ya maji uijue kabla ya kutoka nyumbani. Na bila mbwa mimi nasema usifyatue kabisa, ndege aliyejeruhiwa gizani humpati.

Gharama hazitofautiani. Adabu ni ileile, marisau ya madini ya risasi (lead) marufuku, usipige ndege wa mbali, okota maganda ya risasi ulizofyatua.

Una mwenyeji na mbwa, maji yanakupwa, nenda jioni. Njia bado hujaizoea, alfajiri, lakini na mwenyeji pia.